Kazi ya Senge

Mama alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani, nageuza kola ya shati la shule. Akauliza habari za watoto, akauliza kama mvua imefika huku kwangu Shianda. "Njoo nyumbani wiki hii," akasema. "Kuna kazi ya senge." Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu niligundua kwamba nimeshona kola na mkono wa shati pamoja, nikaanza kufumua.

Senge, kwa asiyejua, ni shangazi, dada ya baba. Najua fika kwamba neno hilo ukimwita mtu kule Mombasa unaweza kurudi nyumbani bila meno. Huku kwetu ni cheo. Harusi haiendi mbele senge akiwa amenuna, na msichana akianza kukua, si mama yake anayemweleza mambo ya mwili, ni senge. Mama na binti wanaoneana haya. Senge hana haya na mtu.

Kaka yangu na mkewe wanafanya kazi katika mashamba ya maua Naivasha, na binti yao wamemwacha kwa mama tangu alipoanza shule. Wakati huo alikuwa gredi ya tano, mrefu kuliko wenzake, mpole, mwenye kicheko cha kujificha nyuma ya kiganja. Mimi ndiye dada pekee wa baba yake. Kwa hiyo kazi yoyote ya senge katika boma lile ni yangu, na mama aliposema kazi, hakuhitaji kuitaja. Mimi mwenyewe niliwahi kufanyiwa.

Nyumbani iliitwa kurudisha. Msichana akiota matiti kabla ya umri ambao wazee waliona unafaa, ilisemwa amekuja mapema, basi arudishwe. Nimelitafakari sana neno hilo nikiwa kwenye cherehani, maana kushona kunaacha kichwa huru. Unarudisha sufuria uliyoazima kwa jirani. Unarudisha ndama aliyeingia kwenye miwa ya watu. Ni neno la adabu kabisa, na hakuna anayelisikia akafikiria moto. Lakini kurudisha kulikuwa hivi: jiwe dogo la kusagia wimbi linawekwa kando ya makaa, linafungwa kwa kitambaa, na kukhu, yaani nyanya, analikandamiza kwenye kifua cha mtoto. Senge ndiye anayeshika mikono. Kazi iligawanywa hivyo tangu zamani, na bila senge haifanyiki, kwa sababu hakuna mtu mwingine mwenye haki ya kuwa ndani ya chumba kile.

Mimi nilirudishwa asubuhi, watu wengine wakiwa wameenda kupalilia. Kukhu alikuwa na jiwe. Mama alikuwa jikoni akichochea moto, nami nilimsikia akikohoa kwa sababu ya moshi. Senge wangu, mtu wa mzaha aliyekuwa akiniletea mandazi kutoka Mumias, alinishika mikono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, huku akininong'oneza nitazame kuku mlangoni. Nilitazama kuku. Ilirudiwa siku zilizofuata, kisha nikafungwa kipande cha leso kilichobana hadi nikawa napumulia juu juu. Nikapewa na somo la mwisho, ambalo mama alilirudia mpaka nilipoolewa: usitembee kifua mbele. Kwetu hayo hayakuwa maneno ya sifa. Msichana aliyetembea kifua mbele alikuwa anaita shida.

Basi nikajikunja. Nilibeba vitabu kifuani kwenda shule, nilibeba vitabu kifuani kurudi, na hadi leo wateja wangu wakiona mabega yangu wananipa pole kwa kazi ya cherehani. Hasira ninayo, na sioni sababu ya kuificha. Nilikuwa mtoto na sikuwa nimemkosea mtu. Tena kazi yenyewe haikufaa kitu: waliyarudisha matiti, nayo yakarudi. Yalirudi yenyewe bila kuomba ruhusa, ila la kushoto lilirudi na uvimbe mgumu ndani, kama kokwa.

Maana ya kokwa hilo niliijua nilipojifungua mtoto wa kwanza. Nilikuwa nimekuja kwa mama ili anitunze. Mtoto alinyonya upande wa kulia vizuri, wa kushoto akawa anavuta na kulia, anavuta na kulia. Titi likavimba, likawaka moto, homa ikanipanda mpaka nikawa naongea ovyo. Mama alihangaika sana, sitamnyima haki yake. Akakaa akafikiria nani amepita pale nyumbani, akakumbuka kwamba jirani yetu, mjane ambaye boma lake linapakana na letu, alikuja kumwona mtoto na akasema, "Huyu anajua kunyonya." Mama akaona limepatikana. Ni jicho. Jirani ana jicho baya, ametazama maziwa, yamekauka.

Akaita mtu wa kutoa jicho, akanichua kwa mafuta na majani, na titi likazidi. Mwishowe nilipelekwa hospitali likiwa limetunga usaha, wakalipasua. Muuguzi aliyenihudumia aliuliza kama niliwahi kuungua kifuani. Nikasema ni uji ulinimwagikia nikiwa mdogo. Alinitazama tu, kisha akanieleza taratibu kwamba njia za maziwa upande ule zimeharibika tangu zamani, na kwamba kitu cha moto kikikandamizwa kwenye kifua cha mtoto kinaweza kufanya hivyo. Hakulitaja jiwe. Hakuhitaji.

Sikumwambia mama. Ningeanzia wapi? Mambo hayo hayazungumzwi na mama, yanazungumzwa na senge, na senge wangu alikuwa ameshafariki. Mama akarudi nyumbani na jawabu lake. Kati ya maboma hayo mawili palikuwa na mwanya kwenye ua wa michongoma, tulipopita tukienda kuazima chumvi na moto tangu nikiwa mtoto. Mama akauziba kwa matawi. Kanisani akahama benchi. Miaka ikapita, michongoma ikashikana pale mwanyani, na yule mjane akazeeka upande wa pili bila kujua alichokosa. Akikutana nami njiani alinisalimia vizuri na kuuliza kama yule mtoto wangu bado anakula sana.

Kazi yangu ndiyo iliyonifungua macho. Nashona sare za shule, na kabla ya muhula kuanza nawapima wasichana wengi. Ukimzungushia mtoto tepu kifuani na akaruka nyuma kabla haijamgusa, wewe uliyewahi kuruka hivyo hukosei. Wa kwanza niliyemwona hivyo aliniumiza moyo usiku mzima. Nilipomwona wa pili nikamtafuta mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili, nikamweleza. Akaishusha sauti hiyo, akasema na yeye alirudishwa.

Tukaanza kwenda pamoja. Tulikwenda shuleni, tukaenda kwa kina mama wa kanisa, tukapewa nafasi hata kwenye baraza la chifu. Na kila mahali tulikuta kikwazo kilekile, ambacho ilituchukua muda kukitambua. Waliotutangulia, watu wa semina wenye mabango, walikuwa wamekuja na neno moja: ukeketaji. Na sisi wa sehemu hizi wasichana wetu hatuwakeketi. Kwa hiyo kina mama walisikiliza, wakapiga makofi, wakawahurumia wasichana wa makabila mengine, wakaondoka. Mmoja aliniambia kwa fahari kwamba mila mbaya kwetu haziko. Huyo alikuwa na binti niliyempima wiki iliyotangulia.

Siku tulipoacha maneno ya mabango na kuuliza kwa lugha ya nyumbani, nani hapa alirudishwa, hakuna aliyepiga makofi. Kisha bibi mmoja wa mbele akajikunja mabega bila kujua anafanya hivyo. Tangu siku hiyo hatutafuti kina mama peke yao. Tunatafuta masenge, kwa sababu mikono ni yao. Senge akikataa kushika, kazi imelala.

Hayo yote nilikuwa nikiyasema kwa watu wengine. Kwa mama sikuwa nimeyasema. Na sasa mama alikuwa ameniita.

Nilifunga duka mapema, nikatia tepu na vitambaa kwenye mkoba, nikapanda boda. Njiani nilijiambia sitapiga kelele. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mama ni vivyo hivyo, tukianza kwa kelele tunamalizia kwa kutosalimiana hadi Krismasi. Kama ningeondoka pale bila kumshinda, angemtafuta mtu mwingine wa kushika, hata kama si senge. Mtoto angeharibiwa kwa sababu mimi nimeshindwa kuchunga ulimi.

Nilimkuta binti wa kaka yangu nje, ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi, amevaa sweta zito juani. Aliinuka kunisalimia akiwa amekunja mikono kifuani. Nilimsalimu, nikaingia jikoni. Mama alikuwa ameketi kando ya moto, na jiwe lilikuwa tayari limewekwa karibu na makaa. Nililitambua. Lina ufa mdogo upande mmoja, na tangu kukhu wetu afariki linakaa kwa mama.

Akanikaribisha vizuri, akanipa chai. Akaeleza kwa utulivu, kama mtu anayepanga safari. Mtoto amekuja mapema, kila mtu ameona. Msimu wa kuvuna miwa umeanza, matrekta yanapita hapo barabarani kutwa, na binti wa boma la chini ameacha shule akiwa gredi ya saba kwa sababu ya dereva mmoja. Baba na mama wa mtoto wako mbali. Akiharibika, atakayeulizwa ni nani? Hakuwa anasema uongo. Mama alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kweli.

"Dereva haulizangi mtoto miaka yake," akasema. "Anaangalianga tu kifua."

"Basi jiwe tumpelekee dereva," nikasema.

Hakucheka. Akaniambia nimalize chai nimwite mtoto, nishike mikono, tumalize, Jumatatu ataenda shule kama kawaida. Nikamwambia sishiki. Akasema basi ataita binamu yangu. Nikamkumbusha kwamba binamu yangu si dada ya baba wa mtoto. Katika boma hili senge ni mimi, nikamwambia, na yanayohusu mwili wa msichana wetu hayafanywi bila senge kukubali. Hiyo mila nimeikuta, sikuitunga. Niliona nimempata mahali ambapo hakujiandaa, kwa sababu alitegemea nije na mambo ya serikali na chifu, nami nilikuja na ya kwake mwenyewe.

Lakini mama si mtu wa kushindwa kwa hoja moja. Akageuza jiwe upande wa pili kwa kijiti, akasema, "Mimi nilifanyiwanga. Wewe ulifanyiwa. Tulikufa?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda hadi kooni, na hapo ndipo nilipoimeza. Nikaweka kikombe chini.

"Hatukufa," nikasema. "Mama, unakumbuka maziwa yangu ya kushoto?"

Akasema anakumbuka vizuri sana, na aliyeyakausha bado anaishi hapo ng'ambo ya ua, anakula, analala.

"Haikuwa jicho, mama. Ilikuwa jiwe."

Nikamweleza yote. Kokwa. Muuguzi na swali lake. Uji niliousingizia. Nilimweleza pia kwamba kila mtoto wangu nimemnyonyesha upande mmoja, na wa mwisho akawa analia njaa usiku nami nalia naye. Nilizungumza kwa sauti ya chini, na nilisema matiti bila kuzunguka, mbele ya mama yangu mzazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Masikio yaliniwaka. Mama aliangalia makaa.

Hakuniuliza kama nina hakika. Alichouliza ni hiki: "Yeye ndio alisema nini siku ile? Yule mama wa ng'ambo?"

"Alisema mtoto anajua kunyonya."

"Tu?"

"Tu."

Akachukua kijiti akalisukuma jiwe mbali na moto, likabingirika hadi kwenye beseni la maji ya kuoshea vyombo, likafoka mvuke kidogo likanyamaza. Kisha akainuka, akajifunga leso upya, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuniambia anaenda wapi. Sikujua kama nimeshinda au nimemvunja moyo, na kwa kweli sikujali sana, mradi jiwe liko majini.

Nikamwita mtoto chumbani nifanye kazi ya senge, ile yenyewe. Nilimweleza kinachoendelea mwilini mwake na kitakachofuata, damu na yote, na jinsi ya kujitunza. Nilimwambia mtu mzima yeyote akimgusa au akimwambia asiseme, aseme, kwangu kwanza. Alisikiliza akitazama sakafu. Nilipomaliza akauliza jambo moja, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie.

"Senge, kwani nilifanya nini?"

Swali hilo nilikuwa nalo mimi asubuhi ile ya kuku mlangoni, na sikumwuliza mtu. Nikamshika mabega.

"Hujafanya kitu. Unakua tu. Hakuna mtu atakurudisha."

Kisha nikatoa tepu, nikamwonyesha ilivyo laini, nikamwachia aizungushe mwenyewe juu ya nguo. Alisoma namba, mimi nikakata kitambaa. Kushona sidiria kwa mkono ni kazi ya kuchosha na ile haikuwa ya kujivunia, lakini ilimtosha bila kumbana. Akaivaa, akavua lile sweta. Mabega yake hata hivyo yalibaki yamekunjwa. Mabega hayafunguki siku moja, nayajua.

Jua lilikuwa limeanza kulegea mama aliporudi uani. Alikuwa ameshika jogoo mwekundu aliyekuwa akimtunzia Krismasi, ameshamfunga miguu. Huku kwetu ingokho, yaani kuku, haipelekwi kwa mtu hivihivi. Ukimpelekea mtu kuku mzima unakuwa umesema jambo kubwa. Alikuwa amesimama kwanza penye mwanya wa zamani akajaribu kuvuta matawi, mikwaruzo ilionekana mikononi, lakini michongoma ilikuwa imekataa.

"Tutapitia barabarani," akasema, na akampa mtoto jogoo abebe. "Sote."

Tulitoka. Barabara ilikuwa na watu wa jioni, wakata miwa wakirudi, vijana wa boda wameegesha pikipiki chini ya mti wakisubiri abiria. Trekta lilikuwa linakuja kutoka upande wa Mumias na mabehewa yake matupu yakipiga kelele. Mtoto alipoliona alimkumbatia yule jogoo kwa mikono yote miwili, akamkandamiza kifuani, akainamisha kichwa, akajikunja nyuma ya manyoya. Nilitaka kusema kitu. Mama alisimama kabla yangu.

"Nipe hiyo kuku," akamwambia.

Akampokea jogoo. Mikono ya mtoto ikabaki imekunjwa pale pale hewani, haijui iende wapi, na mama akaishusha mwenyewe, mmoja kisha mwingine. Trekta likapita, vumbi likatufunika. Mama akapangusa uso wa mjukuu wake kwa pindo la leso.

"Tembea kifua mbele," akasema.

Mtoto alinigeukia mimi kwanza, kuona kama amesikia vizuri. Nikatikisa kichwa kukubali. Akatangulia, nasi tukamfuata hadi kwa jirani.